Jinsi ya Kununua Lita Moja ya Petroli Mwisho wa Reli

Kwanza jua siku. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na bei mpya huanza saa 6:01 usiku, wewe ukiwa umelala na wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani. Kwa hiyo Jumanne jioni uwe umeshaamua: unajaza au unasubiri. Wenzako wa Mwanga na Gungu hapa Kigoma nao watakuwa wameamua, na utawakuta kwenye foleni.

Tangazo likitoka usianzie juu. Juu wamewekwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kwa kuwa meli za mafuta zinashusha huko, na ukiishika bei ya huko ukadhani ni yako utaumbuka mbele ya pampu. Teremsha kidole taratibu mpaka uione Kigoma, na wenzake Uvinza, Buhigwe, Kasulu, Kibondo na Kakonko. Hapo petroli huizidi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita. Iandike kwenye karatasi uibandike ukutani. Ibandike jikoni, hata kama huna gari. Huna gari? Basi hasa wewe.

Sababu ya hizo 200 na ushee ni umbali. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914 na ikaishia hapa, kilomita 1,250 hivi kutoka baharini, ndiyo maana tunajiita mwisho wa reli na wala hatuoni haya. Mafuta mengi siku hizi huja kwa malori, na lori linakunywa dizeli njia nzima ili likuletee dizeli. Wazee wa Ujiji waliijua hesabu hii kabla ya injini. Msafiri Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Ujiji Novemba, zaidi ya miezi saba kwa miguu, na kila mtemi aliyempitia alikata hongo yake katika nguo na shanga. Kitambaa kilichofika ziwani kilikuwa kimeshalipa njia yote. Lita yako nayo imelipa njia yote.

Ukiifikia pampu, usimgombeze kijana anayekuhudumia. Nimeona mtu mzima akimwambia binti wa watu, "Nyie ndio mnatunyonya!" huku ameshika noti ya elfu tano. Binti akajibu kwa adabu, "Samahani baba, bei ipo pale kwenye bango." Alisema kweli. Ndani ya bei kikomo, faida ya muuzaji wa jumla na ya mwenye kituo imeshapangwa kwa shilingi kwa kila lita, pamoja na kodi, tozo na gharama ya usafiri. Kazi zako pale ni tatu tu: hakikisha mashine imeanzia sifuri, tazama stika ya Wakala wa Vipimo, dai risiti. Hasira yako ihifadhi, inahitajika mbele.

Sehemu ya hasira yenyewe ni hii. Sisi kituo chochote cha mafuta tunakiita sheli, hata bango lake likiwa na jina jingine kabisa. Mtoto wa Bangwe anatumwa sheli, bodaboda anapaki sheli, na jina hilo ni la kampuni ya London. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei dunia nzima, na Agosti ya mwaka huo petroli ya Dar es Salaam ikafika shilingi 3,410 kwa lita, ya kwetu ikiwa juu zaidi. Mwaka huohuo kampuni ya Shell ilitangaza faida ya karibu dola bilioni 40. ExxonMobil ilipata dola bilioni 55.7. Saudi Aramco ilipata dola bilioni 161. Kisima hakikuwa kimechimbwa upya kwa gharama mpya. Mafuta yalikuwa yaleyale, ardhi ileile. Bei ndiyo iliyobadilika, na tofauti ikaingia mifukoni mwao.

Huku kwetu, Mei 2022, Rais Samia alitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni ili kupunguza makali ya bei. Bila ruzuku hiyo tungeumia zaidi, na ninashukuru. Lakini ifuate ile pesa kwa macho: imetoka hazina ya nchi ambayo mkulima wa Kasulu anachangia kila anaponunua sabuni, ikaenda kulipia bei iliyowatajirisha watu waliokuwa tayari matajiri kupindukia. Uingereza, Mei hiyohiyo, iliongeza kodi ya asilimia 25 juu ya faida za kampuni zinazochimba mafuta na gesi katika maji yake. Wao wana mkono wa kuzifikia. Sisi tunaonunua tu mkono huo hatuna. Tulichonacho ni kuamua tunachoma lita ngapi, na nani anazichoma.

Najua wapo watakaosema tukamue mawese. Hili wazo huzaliwa upya Kigoma kila bei inapopanda, na halistahili kuchekwa. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 mtaalamu wa chuo kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kugeuza mawese kuwa mafuta ya injini, na mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Mawese yenyewe yalikuwa ya Kongo ya Mbelgiji, ng'ambo ya pili ya ziwa letu. Kwa hiyo inawezekana. Ila sikiliza hatua hii vizuri: usiyamimine kwenye tangi kama yalivyo. Mawese huganda, huziba chujio na nozeli, na fundi atakutoza zaidi ya ulichookoa. Halafu nenda soko la Ujiji useme unataka mafuta. Mama hatakuonyesha sheli. Atakuuliza, "Ya mawese au ya mise, mwanangu?" Kwake mafuta ni chakula, na mwaka ule wa 2022 hayo ya kula nayo yalipanda. Sioni busara ya kulisha lori kwa sufuria ya mtu.

Basi tuje kwenye gari. Ukiwa unanunua, nunua injini ndogo kadiri shughuli yako inavyoruhusu. Vitz ya cc 1,000 inapanda kutoka stesheni hadi Mwanga chini ya miembe ya Barabara ya Lumumba bila kulalamika, na IST ya cc 1,300 inabeba familia na gunia la mihogo. Mwenye kazi ya masafa na mizigo achukue Probox kama wanavyofanya watu wa mchomoko, wale wabeba abiria kwa gari dogo, ambao huijua thamani ya lita kuliko mhasibu yeyote. Gari la haibridi, kama Aqua, linabana mafuta sana mjini, lakini ulizia kwanza hali ya betri na fundi wa kuitengeneza yuko mji gani. Ushuru wa bidhaa unaotazama ukubwa wa injini unakusaidia kidogo: isiyozidi cc 1,000 haitozwi, hadi cc 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Naona pengo hilo ni dogo mno. Anayetaka injini ya cc 4,500 hawezi kuzuiwa na asilimia 10.

Jaza upepo kwenye tairi kila wiki. Toa mizigo isiyo na kazi kwenye buti. Na ukishuka kutoka Kalinzi kuja Mwandiga, acha ile tabia ya kuweka gari huru ukidhani unaokoa mafuta. Gari la siku hizi lenye injini ya kompyuta, ukiliacha kwenye gia na kuondoa mguu kwenye mwendo, mafuta hukatwa yenyewe. Ukiliweka huru, injini inaendelea kunywa ili isizime, na breki zako zinaungua. Nimeujaribu mteremko huo kwa namna zote mbili. Kwenye gia unafika chini salama na umeokoa.

Utunzaji nao ni mafuta. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Graf von Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi, mafundi wake waliipaka injini grisi kwanza, kila mahali. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kama grisi ilihifadhi injini iliyozama ziwani, wewe kubadilisha oili kwa wakati hakukushindi.

Lakini hatua hizi za tairi na gia nitakuwa nimekuonea nikiziacha kwako peke yako. Hatua kubwa kuliko zote ni ya mwenye V8. Nenda nje ya ukumbi wowote wenye semina. Magari yamepangwa kivulini, madereva wamelaza viti, injini zinanguruma ili kiyoyozi kisizime, na wenyewe wako ndani tangu saa tatu wanajadili maendeleo vijijini. Injini ya ukubwa ule ikinguruma imesimama inaweza kumaliza lita na zaidi kwa saa. Juni 2022 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, aliliambia Bunge kwamba Serikali hutumia zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka kununua magari, kuyawekea mafuta na kuyatengeneza, na akasema utaratibu huo ubadilike. Alisema sawa kabisa. Mheshimiwa mwenye V8, hatua yako ni fupi: mwambie dereva azime. Ya pili ni ndefu kidogo: kwa safari ya lami kutoka mjini hadi Kasulu, panda gari dogo.

Tozo siipingi. Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi mikubwa ya nchi. Barabara nzuri inapunguza mafuta kuliko injini yoyote ya Kijapani. Ninachosema ni kwamba tumelipa, hivyo greda lije.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya jikoni. Anayelipa sana bei ya pampu Kigoma hasimami kwenye pampu. Ni mama anayenunua dagaa Katonga alfajiri, akalipa bodaboda hadi soko la Mwanga. Nauli ikipanda, hathubutu kubadilisha bei ya fungu; wateja wake wana elfu moja na si zaidi. Anapunguza fungu. Mtazame mikono: anakusanya dagaa kwa kiganja, anaweka, anatazama, halafu anaondoa wachache kwa vidole vitatu. Wale wachache ndio bei ya mafuta. Hapo ndipo EWURA inaposomwa na watu wasiofungua tangazo lolote.

Wavuvi, wao, wamenipa matumaini. Karabai zilikuwa zinakunywa mafuta ya taa usiku kucha kila giza, na ukisimama ufukweni uliona ziwa limewaka taa za njano. Sasa wengi wanatumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua, mwanga wake mweupe. Hakuna aliyewahubiria. Walipiga hesabu.

Boti ni ngumu zaidi. Mashine ya HP 40 ikivutwa mkono wote inaweza kumaliza lita 15 kwa saa. Lita ikiwa 3,500, hiyo ni zaidi ya shilingi 50,000 kwa saa. Punguza mkono kidogo, utachelewa kidogo lakini utaokoa sana, na nahodha yeyote wa Kibirizi anajua hivyo hata kama abiria wanampigia kelele. Mashine za kisasa zisizochanganya oili na petroli zinabana zaidi, ila bei yake ni ya kikundi, si ya mtu mmoja. Mikopo ya halmashauri ingeanzia hapo. Kaskazini mwa Gombe, Mwamgongo hadi Kagunga, boti ndiyo daladala, ndiyo lori, na ndiyo gari la wagonjwa.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni ya kununua lita usiku. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu, zahanati imesema aende hospitali ya Maweni, na dumu la boti lina mafuta ya nusu ya safari. Sheli ziko mjini, ng'ambo ya giza lote lile. Chukua tochi. Anzia nyumba ya mwenye pikipiki, piga hodi, sema jina lako na la mgonjwa. Atafyonza kwa mpira, ateme, akupe alichonacho. Nenda kwa mwenye mashine ya kusaga inayotumia petroli. Nenda kwa yule anayeuza kwenye chupa za maji kando ya njia. Malipo mtaelewana asubuhi. Usiwashe kibiriti karibu. Mimina kwa koni ya chupa iliyokatwa kitako, taratibu, mtu mwingine akimulika, kwa sababu kikimwagika hata kifuniko kimoja hakuna pa kukipata kingine. Ongeza oili, tikisa dumu, likaze. Kisha shikeni boti ubavuni, wanaume wanne, msukume.