Heshima kwa Aliyehama

Mwaka 1947 Moscow ilitimiza miaka 800, ikihesabu tangu 1147, mwaka ambao jina lake linatajwa mara ya kwanza katika tarikhi, yaani kumbukumbu za matukio zilizoandikwa mwaka baada ya mwaka. Jiwe la msingi la sanamu ya Yuri Dolgorukiy, mtawala anayehesabiwa kuwa mwanzilishi, likawekwa kwa shangwe, na sanamu yenyewe ikazinduliwa 1954, wageni wakiwa wameshanawa mikono zamani.

Miaka 850 ilipofika, 1997, hakuna aliyechelewa: mtoni palisimamishwa kazi ya msanii Zurab Tsereteli, yenye kimo cha mita 98, ambayo rasmi iliadhimisha miaka 300 ya jeshi la wanamaji (katika mji usio na bahari), ikimwonyesha Peter Mkuu juu ya merikebu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika hati ya dhahabu iliyokunjwa. Peter huyo ndiye aliyeichoka Moscow hata akauhamishia mji mkuu Saint Petersburg mwaka 1712. Wenye ndimi wakadai kuwa mwili ni wa Columbus, aliyekosa mnunuzi Marekani akabadilishwa kichwa, lakini msanii alikanusha. Mwaka 2010, baada ya meya wa Moscow kuachishwa kazi, Saint Petersburg ikaulizwa kama ingependa kumchukua Peter huyo, nayo ikaona amekaa vizuri hapohapo alipo.