Sifa za Friji Yetu

Wanaoisema vibaya friji ya zamani ni watu ambao hawajawahi kulala nayo chumba kimoja. Yetu, tuliyoinunua duka la ex-UK hapa Mombasa, huanza kunguruma baada ya isha na haipumziki hadi alfajiri, na ndiyo maana hatujawahi kuibiwa: mwizi gani ataingia nyumba ambayo kuna anayekoroma namna ile? Mgongo wake nao hutukaushia sare za shule msimu wa mvua. Ndani hupoza kidogo, nje hupasha sana.

Sasa kuna hili jambo la nyota. Tangu mwaka 2016 kanuni za serikali zinataka friji na viyoyozi vinavyouzwa nchini Kenya vibandikwe lebo yenye nyota, moja hadi tano, na idadi ya yuniti zitakazoliwa kwa mwaka. Wasimamizi ni EPRA, mamlaka ya nishati. Nyota zikizidi, stima inayoliwa ni kidogo. Huu ni umbea uliopigwa muhuri. Tangu lini siri za jikoni zikabandikwa mlangoni, mgeni azisome kabla hajapewa hata maji? Mungu awabariki wenye maduka wenye haya zao, wanaobandika karatasi ya bei juu ya nyota. Mteja huangalia bei, huangalia rangi, hufungua mlango aone kama taa inawaka, na biashara imekwisha.

Friji yetu haina lebo, lakini cheo chake tunakijua kwenye tokeni. Bei ya stima ya nyumbani ina ngazi: anayetumia yuniti 30 kwa mwezi au pungufu hulipa bei ya chini, kutoka hapo hadi 100 bei hupanda, ukipita 100 hupanda tena. Majirani wenye balbu zao na feni moja wamekwama ngazi ya kwanza miaka nenda miaka rudi. Sisi friji imetuvusha zote. Friji mpya ya ukubwa uleule, tena yenye nyota za kutosha, ingeweza kutosheka na yuniti 25 kwa mwezi, nasi tungebaki kuonekana maskini hadi mwenye kuuza tokeni atusahau jina.

Uzuri wake hasa uko kwenye mpira wa mlango. Umechoka, umepasuka pembeni, na hewa ya moto ya jikoni huingia itakavyo. Basi barafu hujijenga ndani ya friza, unene juu ya unene, mpaka pakiti ya maziwa haipati pa kukaa. Ikifika hapo mama huichimba kwa kisu cha samaki, kisu hutoboa bomba, gesi hutoka fsss, na fundi anapata riziki. Fundi wetu ni muungwana: hujaza gesi bila kulitafuta tundu, ili tuonane tena kabla mwezi haujaandama. Na si gesi ya hivi hivi. Friji za rika lake zilizaliwa na R-12, ambayo mataifa yalikutana Montreal mwaka 1987 kwa ajili yake na ndugu zake. Iliyoirithi, R-134a, ikawekewa kikao Kigali mwaka 2016. Ni nyumba ngapi mtaani zenye kitu kilichoisumbua dunia mara mbili?

Ghana nao walikuwa na friji kuukuu kama hizi tele. Wakatunga sheria mwaka 2008, na kuanzia 2013 wakawa wanazizuia bandarini. Nawahurumia. Ulaya kwenyewe zilikotoka walizipanga kwa herufi. A ilipojaa wakaongeza alama ya kujumlisha, moja, mbili, tatu, mpaka karibu kila friji dukani ikawa hodari. Mwaka 2021 wakazifuta alama zote na kuanza upya, A hadi G. Zilizochoka kwao hupanda meli. Sisi huku hatumbagui mtu kwa herufi yake.

Juzi kijana wa jirani anayesomea umeme alibisha hodi na kijidude cha kuchomeka kwenye soketi, kinachohesabu yuniti.

“Shikamoo, mama. Nataka kuipima hii friji usiku mmoja tu.”

Mama akamkaribisha, akampa barafu ya ukwaju iliyoganda nusu, akamuuliza habari za nyumbani kwao. Kisha akamweleza kwa upole kwamba friji hiyo ikichomolewa huwa haikubali kuwaka tena, kwa hivyo angoje Ramadhani ipite. Ramadhani ndiyo kwanza ilikuwa imeisha wiki iliyotangulia.