Namna ya Kuziba Pua ya Gari Lako

Kwanza tafuta mahali pa kuegesha. Si popote tu: chini ya mjakaranda, kwenye kijia chochote kati ya Ngong Road na Argwings Kodhek, mwezi wa Oktoba, maua ya zambarau yanapomwagika kama mchele harusini. Liache gari hapo wiki nzima. Ukirudi, washa waipa ziyasukume maua yote hadi chini ya kioo cha mbele, penye ule wavu mweusi wa plastiki ambao hujawahi kuutazama. Hapo ndipo AC inapovutia hewa ya nje. Usiyazoe, mkono una simu ya kushika. Subiri mvua ya Novemba iyaozeshe.

Huna mjakaranda? Usikate tamaa. Mtaani Kilimani, bungalo moja ikibomolewa kupisha ghorofa, vumbi linautosha mtaa mzima, na baada yake huja malori ya mchanga na saruji.

Sasa ingia ndani. Nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria, unapoficha risiti za mafuta, magari mengi yatokayo Japani yana nafasi ya chujio. Kazi yake ni kunasa uchafu usifike kwenye ivapureta, ile sega ya alumini inayoipoza hewa. Wenye wasiwasi hulibadilisha kila kilomita 15,000 hivi, au mwaka ukiisha. Mimi nilitoa langu baada ya miaka minne. Lilikuwa na rangi ya uji wa wimbi, na katikati panya alikuwa amejenga, tena kwa ustadi, akitandika kwa tishu nilizodhani nimezipoteza. Niliona haya kumhamisha.

Chujio likiziba barabara, feni itanguruma kwenye nambari nne na upepo usizime hata mshumaa. Huu ndio wakati wa kwenda kujaziwa gesi. "Boss, gesi imeisha," fundi atakwambia kabla hujazima injini. Usimuulize imeishaje ilhali inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, wala kama imevuja, imevujia wapi. Lipa. Kesho upepo utakuwa ule ule, ila sasa umeulipia.

Ikija harufu ya soksi, ning'iniza marashi kwenye kioo cha katikati. Kuna watu huzima AC dakika chache kabla ya kufika na kuiacha feni ikikausha ivapureta isiote kuvu. Hao hawana shughuli. Na ukiona gari halidondoshi tena maji chini, furahia usafi wa maegesho. Maji yako salama, chini ya zulia la abiria.

Kimebaki kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani yake. Hicho huifungia nje hewa ya nje. Kwa hiyo kiache bila kukibonyeza ukiwa nyuma ya matatu inayotema moshi, uule sawasawa na wengine. Kibonyeze asubuhi ya Julai, mkiwa watano ndani na madirisha yamefungwa, na AC uizime kabisa kwa sababu "ni baridi", usijali kwamba ndiyo hukausha hewa. Ukifika kwenye foleni ya magari pale Yaya, wewe utakuwa unapangusa kioo kwa mkono wa sweta, na mtoto wa nyuma ameshachora samaki wa tatu kwenye dirisha lake.