Sifa za Jiko la Uani

Wapo waliosifu bahari, wapo waliosifu mabibi harusi na magari mapya. Mimi nalisifu jiko la nyumba ya uani: lile ambalo ukifungua friji mlango haufungi, na ukifunga mlango friji haifunguki. Nalisifu kwa upana wake wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili na kidogo. Dalali akikuleta kuliona yeye hubaki nje, akakuacha uingie peke yako. Wewe unadhani ni adabu, kumbe wawili hamtoshi.

Wanaolidharau hawaijui asili yake. Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, jiko lake lilikuwa ua wenyewe. Huku mafiga, kule kinu, pale mbuzi ya nazi, na kuku wakipita katikati kukagua. Baadaye mji ukajaa. Serikali ilipopima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mtu alijenga nyumba yake mbele, nyuma akabakiwa na nafasi ya kuanikia nguo. Miaka ikapita, ada za shule zikaja, nafasi ile ikaanza kuonekana ni kodi iliyolala bure. Kikajengwa chumba, ikajengwa sebule, kikajengwa choo. Kilichobaki pembeni mwa choo ndicho jiko, tena pembeni mwa choo kwa makusudi: bomba la maji ni lile lile, na la maji machafu ni lile lile, fundi hachimbi mara mbili. Basi jiko lililokuwa ua mzima limerudi kwenye ua huo huo, safari hii kama mpangaji.

Na lina ukoo Ulaya pia, ukitaka. Mwaka 1926 msanifu wa Kiaustria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za manispaa ya Frankfurt, karibu mita 1.9 kwa 3.4. Mfano wake mmoja ulikuwa jiko la behewa la chakula kwenye treni. Hatua za mpishi zilipimwa kwa saa. Mchele na sukari vikapewa visanduku vyao vya alumini ukutani, unga ukapewa droo za mti wa mwaloni ili wadudu wasiupende, na mbao zikapakwa buluu kwa imani kwamba nzi huikimbia rangi hiyo. Yakajengwa majiko kama 10,000. Bibi huyo mwenyewe alikuja kusema kwamba alipolichora hakuwa amewahi kupika. Hapo ndipo ninapoona undugu: fundi wetu naye hajawahi kupika, ila yeye hata kupima hakupima.

Mkubwa wa bibi huyo kazini, Ernst May, alihamia huku kwetu mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, halafu akafungua ofisi ya usanifu Nairobi na kuchora mpango wa kuipanua Kampala, kabla ya kurudi Ujerumani miaka ya 1950. Sisemi ndiye aliyetuletea. Nasema alikuwepo.

Tuje kwenye fadhila. Kwanza linakuondolea msaada. Mawifi wakija na ile kauli yao, "Wifi, ngoja tukusaidie," unawajibu kwa moyo mweupe, "Kaeni tu wifi zangu, hapatoshi," na ni kweli tupu. Hakuna atakayefunua sufuria lako wala kuuliza mbona mchuzi mwepesi. Mama mkwe aliyezoea kukagua makabati atakagua akiwa sebuleni, kwa macho, na macho hayafiki mbali kwa sababu umesimama mlangoni na umeuziba wote.

Pili, halina siri. Ukikaanga dagaa saa mbili usiku, asubuhi shati lako linawaambia wenzako ofisini kabla hujasalimia.

Fadhila yake kubwa, hata hivyo, utaiona siku ya wali wa nazi. Mbuzi inataka mtu akae, miguu aitanue, mgongo uwe na pa kwenda. Ukiweka mbuzi katikati ya jiko, goti la kulia linagonga mtungi wa gesi, la kushoto linafungua kabati, na kisogo kiko chini ya sinki. Unarudi nyuma kidogo. Makalio yanavuka kizingiti. Mwishowe unakuna nazi nusu yako ikiwa jikoni na nusu sebuleni, taarifa ya habari ikisomwa nyuma ya sikio, chembe za nazi zikirukia zulia. Jiko gani kubwa limewahi kumfanya mpishi aifuatilie bajeti ya serikali kwa undani namna hii? Wavivu wanakuniwa sokoni kwa mashine, nao hawajui waziri kasema nini.

Linafundisha fizikia pia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hailifuati dirisha, inalala sakafuni. Kwa hiyo dirisha moja la juu, lile fundi aliloliweka karibu na dari, halitoshi: panatakiwa tundu chini ya ukuta, lenye wavu wa kuzuia panya. Bora zaidi mtungi ukae nje ndani ya kizimba chenye kufuli, mpira wa gesi upite ukutani. Hapa simcheki mtu, lifanyeni. Mimi nilimwomba mama mwenye nyumba. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia, "Mwanangu, wewe umepanga ndani. Nje hujapanga."

Na ukilijenga la kwako, usilitukane kwa kulipanua. Kaunta iwe na kina cha sentimita 60 na kimo cha 90, sinki la bakuli moja, rafu zipande mpaka darini, mlango wa friji ufungukie ukutani, mlango wa jiko wenyewe uwe wa kuburuta pembeni. Ukishafanya hayo mtu anapika kwa kuzungusha kisigino kimoja, kisu mkono huu, mwiko mkono ule. Pilau la watu wengi litapikwa nje kwa mkaa, kwenye ule ua ambao hukuupanga.

Juzi mama kaleta fundi na futi. Kati ya jiko langu na ukuta wa jirani kuna upenyo, mita mbili hazifiki. Fundi kapima, kakuna kichwa, kapima tena.

"Mama," kasema, "hapa inatoka chumba, sebule na jiko."