Mgeni Njoo, Ila Gavana Usimguse

Umealikwa nyama choma Marekani, nyuma ya nyumba ya watu, na mwaka wenyewe ni wa uchaguzi usio wa rais. Hongera, na pole. Mwaka wa rais angalau kila mtu anajua anagombania nani. Katika uchaguzi huu wa katikati ya muhula, ambao safari hii unaangukia Jumanne, Novemba 3, 2026, kinachogombewa ni viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi, viti 35 vya Seneti na ugavana wa majimbo 36. Jina la rais halimo kwenye karatasi yoyote ya kura, na utasikia habari zake tu tangu unashuka kwenye gari. Mwongozo huu ni wa yule mwenye visa changa, grini kadi mpya au mkwe wa Kimarekani, anayetaka kula ubavu wake wa mbuzi na kurudi nyumbani bado ana marafiki.

Anza na nguo. Nyekundu ni ya Warepublican, bluu ni ya Wademokrat, na usidhani ni urithi wa mababu: rangi hizi zilijikita mwaka 2000, pale kura za Bush na Gore zilipobishaniwa kwa wiki tano na ramani ileile ikawa kwenye runinga asubuhi mpaka usiku. Kabla ya hapo kila kituo kilipaka kilivyopenda. Kwa mtu wa kwetu maana yake ni kwamba jezi ya Simba inakupa chama kabla hujasalimia, ya AFC Leopards inakupa cha pili, na mashabiki wa Yanga na Gor Mahia watahesabiwa kuwa hawajaamua, kundi ambalo wapiga debe hulifuata hadi msalani. Vaa kahawia.

Mjadala wenyewe utaanza kwa bei ya mayai. Hata ukianza kwa mvua, shule au mpira wa watoto, hutamaliza sahani moja kabla haujafika Washington, na atakayeufikisha ni shemeji yako aliyeapa kiapo cha uraia mwaka jana. Mtu aliyepata kura juzi huwa na chama kuliko waliozaliwa nacho. Atakuambia, "Shem, safari hii ni wimbi." Usiulize wimbi gani.

Wimbi lina historia, na pande zote mbili huisoma kwa zamu. Chama cha rais karibu kila mara hupoteza viti vya Baraza la Wawakilishi katika uchaguzi huu: cha Obama kilipoteza 63 mwaka 2010, cha Trump kama 40 mwaka 2018. Katika miaka mia moja iliyopita walioponyoka ni watatu tu, mwaka 1934, 1998 na 2002. Kwa hiyo anayempinga rais atasema historia ni historia, na anayemuunga mkono atasema safari hii ni tofauti. Baada ya miaka michache rais akibadilika, watabadilishana maneno bila hata kurudishiana asante. Mwaka 2022 Warepublican waliahidiwa wimbi jekundu, wakatandaza mkeka kulipokea, likaja povu: viti tisa vya ziada, na Seneti ikabaki kwa Wademokrat. Kosa la mgeni ni kuzitaja takwimu hizi mezani kwa nia njema. Ukionekana unajua hesabu, swali linalofuata ni unamhesabia nani.

Ramani nayo iogope. Majimbo ya uchaguzi huchorwa upya kila baada ya miaka kumi, sensa ikiisha, na katika sehemu nyingi wachoraji ni haohao wanasiasa watakaogombea ndani ya michoro yao. Ufundi huu ni wa zamani. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini ramani yenye jimbo la uchaguzi lililopinda kiasi kwamba mchoraji wa gazeti aliliwekea mabawa na makucha, akachapisha. Mwaka 2025 Texas haikusubiri sensa. Warepublican wa huko walichora ramani mpya yenye lengo la kujipatia viti vitano zaidi. Wabunge wa Kidemokrat wakalitoroka jimbo ili akidi isitimie, wengi wakakimbilia Illinois, ambako ramani iliyopo imekunjwakunjwa na Wademokrat wenyewe. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa California wakapitisha ramani ya kujibu mapigo, nayo ya viti vitano, upande wa pili. Hapo mezani utaelezwa kwa machozi kwamba moja ya ramani hizi ni wizi na nyingine ni ulinzi wa demokrasia. Ipi ni ipi inategemea umekaa kushoto au kulia kwa jiko. Kubali kwa kichwa, chovya nyama kwenye kachumbari, endelea kutafuna. Mwenye chakula mdomoni hana msimamo.

Sasa tufike kwa gavana, maana ndiye anayemponza mgeni mwema. Kama umetoka Kenya utajiona mzoefu, kwa kuwa unao 47 nyumbani tangu 2013, na unajua hata naibu gani haongei na bosi wake. Hapa ukubwa ni mwingine. Gavana wa Marekani hutia saini sheria za jimbo lake au huzikataa, katika majimbo mengi husamehe wafungwa, na huamuru kikosi cha Walinzi wa Taifa cha jimbo, isipokuwa rais akikichukua, kama Trump alivyokichukua cha California Juni 2025 bila ridhaa ya Gavana Gavin Newsom, wakaonana mahakamani. (Suala hilo lisizungumzwe kabla ya kahawa. Wala baada yake.) Ofisi zinazotoa leseni yako ya udereva ni za jimbo. Barabara kuu unayokwenda nayo zamu ya usiku hutunzwa na idara ya jimbo. Bima ya afya ya wenye kipato kidogo, Medicaid, inategemea jimbo limeamua nini: Kentucky, ambako Wakongo wengi wanaishi Louisville, iliipanua mwaka 2014 chini ya Gavana Steve Beshear, na Texas haijaipanua mpaka leo. Mfagiaji wa hospitali mwenye watoto wawili anaweza kuwa na kadi ya matibabu au asiwe nayo kwa sababu tu rafiki yake aliyemtafutia kazi alikuwa Louisville na si Houston.

Kwa hiyo mgeni mwenye akili atadhani gavana ndiye wa kujadiliwa. Jaribu, uone. Sema tu, kwa sauti ya chini, "Na gavana wenu amefanya nini kuhusu lile daraja?" Kutakuwa kimya kidogo. Mmoja atatazama viatu vyake. Mwingine atasema, "Kwa kweli tatizo lote liko Washington," na meza nzima itashusha pumzi, iendelee na rais. Ukitaka kuwamaliza kabisa, uliza jina la naibu gavana. Waendesha bodaboda wa Kisumu wangekupa jina, kabila la mkewe na sababu ya ugomvi. Hapa hata shemeji mwenye wimbi atatoa simu. Usiliulize swali hili Maine wala Oregon: huko cheo hicho hakipo, na watakushinda.

Halafu kuna jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hawapendi kulisikia, nami naona ndilo lenye uzito kuliko mayai yote. Watu walewale wanaoapa kwamba hawatakigusa chama kile hata kwa kijiti, wakifika kwa gavana hukigusa. Mwaka 2023 Kentucky ilimrudisha Andy Beshear, mtoto wa yule Steve, Mdemokrat. Mwaka uliofuata ikampa Trump ushindi wa pointi zaidi ya 30. Vermont, siku ileile iliyompa Kamala Harris ushindi mkubwa Novemba 2024, ilimpa Mrepublican Phil Scott zaidi ya asilimia 70. Beshear alikuwa ameonekana kwenye matope baada ya kimbunga cha Desemba 2021 na mafuriko ya 2022, Scott baada ya mafuriko ya 2023. Mtu aliyezolewa ghala na maji huuliza lini greda litafika. Dereva wa greda haulizwi chama. Lakini ukiyasema haya kwenye nyama choma utaonekana unaharibu mchezo, kwa hiyo yabaki baina yetu.

Neno lingine la hatari: usimuulize mtu yeyote kama alipiga kura mwaka 2014. Mwaka ule waliojitokeza walikuwa kama asilimia 36 ya waliostahili, kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1942, vijana wakiwa vitani. Mwaka 2018 walifika karibu nusu, ikasherehekewa kama mvua ya masika. Ni hesabu ya kukumbuka unapotishwa na kelele: kati ya watatu wanaokupigia meza, mmoja huenda siku yenyewe alikuwa kazini. Jumanne ya uchaguzi si sikukuu ya taifa.

Mpaka hapa nilikuwa nafanya mzaha, na nitarudi kwenye mzaha, ila aya hii isome mara mbili. Utakwenda kuchukua leseni ya udereva. Utasubiri namba yako kwenye kiti cha plastiki, utaitwa dirishani, na mama mpole mwenye miwani atakuuliza anwani, urefu, rangi ya macho, kama ungependa kuchangia viungo vyako, kisha, kwa sauti ileile, kama ungependa kujiandikisha kupiga kura. Anauliza kwa sababu sheria ya 1993 inamtaka aulize. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima aliye nyuma ya meza ya serikali akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili. Utasema ndiyo. Usiseme ndiyo! Kama si raia, sema, "Hapana mama, asante," na kabla hujatia saini angalia kisanduku chenyewe kwa macho yako. Kwa asiye raia, kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa ni kosa la jinai tangu 1996, na ni sababu ya kurudishwa kwenu. Hata ukinyamaza, siku ya kuomba uraia fomu itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na utajibu chini ya kiapo. Shemeji anayekuambia "jiandikishe tu, kila mtu anafanya" hatakuwapo kwenye chumba hicho. Ipo miji michache, kama Takoma Park kule Maryland, inayowaruhusu wasio raia kuchagua viongozi wa mji. Ni wa mji tu.

Cha kuchekesha ni kwamba mwenye grini kadi, asiyeruhusiwa kuchagua hata kipande cha seneta, anaruhusiwa kisheria kumchangia pesa. Demokrasia hii inakujua wewe kwa pochi kabla ya kidole. Na pochi wataifuata. Ukitoa dola tano mara moja, kwa sababu kijana aliyegonga mlango alikuwa na adabu, namba yako itauzwa na kukodishwa kama ukumbi wa harusi. Saa tatu usiku simu italia: mgombea wa jimbo ambalo hujawahi kulikanyaga anakuambia, akikuita kwa jina la mtu aliyekuwa na namba hiyo kabla yako, kwamba anaandika huku moyo umevunjika, zimebaki saa tatu kufikia usiku wa manane, na wewe pekee hujajibu. Mzoefu wa harambee ataitambua sauti hii, ila nyumbani mwenye harambee angalau alikuwa amefiwa kweli. Andika STOP. Ataandika mwenzake.

Mabango ya uani usiyakatae wala usiyakubali. Jirani atakuletea moja lenye jina la ukoo tu, herufi kubwa, na kusimama pale akitabasamu mpaka useme kitu. Mwambie nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hapendi. Mmarekani huheshimu mwenye nyumba kuliko Katiba. Baada ya uchaguzi mabango hutupwa, na hapo ndipo upite ukusanye vile vyuma vya miguu. Ni imara, havishiki kutu upesi, na vinasimamisha nyanya na maharage vizuri sana, vya chama chochote.

Kuhusu kura za mchujo, wagombea wa tatu na wale wanaotaka kukueleza hukumu ya Mahakama ya Juu kwa kutumia chupa za soda, sina ushauri. Nenda kaoshe vyombo.

Utajifariji kwamba Novemba ikipita kutakuwa na amani. Inategemea unaishi wapi. New Hampshire na Vermont humpa gavana miaka miwili tu, kwa hiyo anayeapishwa Januari tayari anaomba kura. Virginia ina uchaguzi wa kitu fulani kila Novemba, na gavana wake haruhusiwi kujirudia papo hapo, basi uso ni mpya kila mara. Usikimbilie Kentucky wala Mississippi kupumzika; zamu yao ya ugavana ni 2027. Louisiana nayo ni 2027, tena huko kura ya gavana hawapigi Jumanne kama wengine, hupiga Jumamosi. Kama binti yako anaolewa New Orleans mwaka huo, ulizeni tarehe za uchaguzi kabla hamjalipia ukumbi, na mashemeji wawekwe meza mbalimbali.