Pundamilia Mwenye Injini Mbili

Karatu, mtu akikuonyesha picha ya ndege, usiulize ilipigwa wapi. Jiulize kwanza una nafasi kiasi gani. Kuanzia geti la Loduare hadi kiwanja cha ndege cha Ziwa Manyara, kila mwenye simu ni mtaalamu. Ndege za watalii zinatupita juu kutwa zikienda Serengeti, na hata watoto wa shule ya msingi wanajua kwamba 5H ubavuni ni Tanzania na 5Y ni Kenya. Wenye matatizo ni baba zao.

Ukiwasikiliza wanaojua kweli, hawahangaiki na rangi. Wanatazama bawa liko juu au chini ya mwili, limeshikiliwa na mhimili au linajitegemea, miguu inakunjwa au inabaki nje, mkia umekaaje. Cessna Caravan na Pilatus PC-12 zote zina injini moja, lakini Caravan bawa lake liko juu, lina mhimili, na magurudumu yananing'inia safari nzima. Pilatus bawa liko chini, miguu inakunjwa, na mkia umesimama kama herufi T. Ukishayajua hayo, hata picha yenye ukungu wa Ngorongoro haikusumbui.

Nadharia ni tamu. Vitendo tuliviona siku bosi mmoja alipomtumia dereva wake picha ya ndege iliyopigwa ubavuni, na maneno machache: wageni wako wamo humu. Dereva akaileta kijiweni. Injini ikaonekana moja, bawa juu, magurudumu nje. Kikao kikaamua: Caravan, kruza moja inatosha, labda na mizigo kidogo mapajani. Kijana wa kuosha magari akauliza kwa adabu, "Shikamooni. Mbona puani hakuna pangaboi?" Akaambiwa aendelee kuosha. Ilikuwa Twin Otter, yenye injini mbili chini ya mabawa, moja ikiwa imejificha upande wa pili wa picha. Ndege hiyo inabeba hadi abiria 19. Walishuka wageni kumi na watano na masanduku yao, wakalikuta gari la watu saba na dereva anayehesabu vichwa mara ya pili akitumaini watapungua.

Hata hivyo, kesi kubwa ilisikilizwa kwa kinyozi wangu, na mimi nilikuwa kwenye kiti. Kijana mmoja aliingia na picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya ndege yenye mistari ya pundamilia. Saluni nzima ikajibu kwa sauti moja: "Grzimek!"

Huwezi kuwalaumu. Kila dereva wa hapa amesimamisha gari ukingoni mwa kreta, penye kaburi la mawe, akawasimulia wageni habari za Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuja na baba yake Bernhard kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa Dornier Do 27 iliyopakwa mistari. Tarehe 10 Januari 1959 aligongana na tumbusi angani, ndege ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Filamu yao ilishinda Oscar mwaka 1960. Baba naye alipofariki mwaka 1987 alizikwa hapo hapo kando ya mwanawe.

Tatizo lilikuwa picha yenyewe. Do 27 ina injini moja puani na bawa lisilo na mhimili hata mmoja. Hii ilikuwa na injini mbili zilizotundikwa chini ya bawa, msitu wa mihimili, na tumbo la mashua. Nililisema hilo nikiwa nimefungwa shuka shingoni, hali isiyompa mtu heshima. Kinyozi akasema injini ya pili ni kivuli. Muuza vitunguu wa Mang'ola akasema Wajerumani waliiongeza baadaye. Mzee mmoja, ambaye kila mtu humwita Mjomba, akatoa hoja nzito kuliko zote: kuna injini ya kuhesabia nyumbu na ya kuhesabia pundamilia.

"Na tumbo la mashua, Mjomba?"

"Kreta si ina ziwa?"

Ndege ile ilikuwa Sikorsky S-38 ya Martin na Osa Johnson, Wamarekani wapiga filamu waliozunguka anga za Afrika Mashariki mwaka 1933 na 1934, na iliweza kutua majini na nchi kavu. Do 27 ya kwanza iliruka mwaka 1955. Niliongeza, na ningenyamaza ingekuwa nafuu, kwamba Johnson na mkewe walikuwa na ndege ya pili, S-39 yenye injini moja, iliyopakwa madoa ya twiga.

Kinyozi akazima mashine ili acheke vizuri. Alipoiwasha tena, umeme ulikuwa umekatika. Nusu ya kichwa changu ilikuwa tayari, nusu ilikuwa inasubiri, na jioni ile nilikuwa na kikao cha harusi nikiwa mweka hazina. Nilikaa na kofia ya sufu mwanzo hadi mwisho, na wajumbe wawili wakanipa pole ya malaria.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa picha ya ndege ya pundamilia, hesabu injini kabla ya kufungua mdomo: mbili ni Johnson, moja ni Grzimek. Habari ya twiga iache mpaka umemaliza kunyolewa.