Kilima cha California Mbele ya Rukuba
Mandhari ya eneokazi, yaani picha inayotandazwa nyuma ya aikoni za kompyuta, ndiyo dirisha ambalo ofisi nyingi hulitazama kwa makini, hata kilima cha California kilichopigwa picha na Charles O'Rear mwaka 1996 na kuenezwa na Windows XP mwaka 2001 kikazoeleka kuliko Rukuba, kisiwa kilichomo Ziwa Victoria, mkoani Mara. Mzalendo akiweka picha ya mitumbwi ya huko, kisha mandhari hiyo ikawa nyeusi, hulaumiwa virusi, umeme na jirani mwenye kijicho, ilhali Windows 7 iliyonakiliwa bila leseni humsuta mwenyewe hivyo: humwachia giza, ambalo wavuvi wa dagaa, angalau, hulifanyia kazi kwa taa.